Kale Kanyama ka mu Koo

Mwenye mtu nyumbani anayekunywa dawa ya kulainisha damu asome hii. Maneno haya niliyasikia ndani ya kamyo, lori la abiria la kwenda Buluo, mwaka ule madaktari walipokosa mshahara na hospitali yetu ikabaki na vitanda tu.

Binti mmoja wa mtaa wa Shituru alimwambia mama mjane aliyeketi karibu yangu: "Ulimi ya papa, baba yangu, inavimba tangu asubuhi, anatema damu, sauti inapotea. Naenda kuleta mzee wa kukata kale kanyama ka mu koo, kile kimeo."

"Papa anakunywa dawa gani?"

"Ya kulainisha damu, juu ya ugonjwa wa moyo. Jana nilimupatia aspirini ya jino."

Mjane akapaza sauti: "Weye! Damu yake haigandi tena, inajaa chini ya ulimi, inafunga pumzi. Ukimukata, unamumaliza! Bwana yangu alikufa vile. Mupeleke hospitali!"

"Kwa munganga wa hospitali, daktari mwenye kuuzisha ndizi sasa sokoni?"

"Umufuate kule kwenye ndizi zake!"

Watu wakacheka, kama kawaida yetu penye kifo. Binti hakucheka. "Mama, papa ni wangu."

"Basi usimuue!"

Kamyo ikasimama. Walishuka wameshikana mikono, binti akivuta kuelekea kwa mzee, mjane akivuta kuelekea mjini, kwa yule munganga wa ndizi.