Mama Taa, Mpimaji wa Mbegu za Viazi

Wafiwa, ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea safari ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taa, jina alilolipata kutokana na hofu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkulima wa viazi, akamaliza sekondari mwaka 1976, akasomea magonjwa ya mimea, na tarehe 2 Mei 1981 akaajiriwa katika maabara ya kukagua mbegu za viazi, ambako maji ya kiazi hutiwa kingamwili zenye rangi zinazowashika vijidudu, kisha ndani ya chumba cha giza, chini ya hadubini, bakteria wa mnyauko huwaka kijani. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 6 Agosti 1991, akiwa katikati ya kuhesabu, aliitwa kwenye simu, mtoto anaumwa, akatoka mbio na kuacha taa ya hadubini inawaka, na mng'ao ule hufifia ukimulikwa mno, hivyo aliporudi hakuona kitu, akaandika safi. Msimu uliofuata mashamba arobaini yalinyauka, la baba yetu likiwemo. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake, akakiri. Baba alimwambia kuteleza si kuanguka, lakini moyo wake haukutulia tena, kila sampuli akaipima mara mbili, na hata akishafika kituo cha basi alirudi kuhakikisha taa imezimwa, sisi tukimcheka, kumbe mwenzetu aliogopa kweli kweli.

Alistaafu mwaka 2018. Januari 2023 alianza kuvimba miguu, na tarehe 20 Februari alitolewa kipande cha figo, kikapimwa kwa njia ile ile ya kingamwili, maana hata ugonjwa wa figo huonekana kwa kuwaka kijani, naye akaomba aangalie mwenyewe. Aliinama, mikono imeng'ang'ania meza, akauona mng'ao alioutafuta miaka thelathini na saba, sasa umo mwilini mwake, akaogopa na wala hakuficha, kisha akamsihi daktari azime taa upesi, ili daktari mwenzake naye apate kuangalia kabla mng'ao haujafifia. Wa pili aliangalia, majibu yakawa yale yale. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumpeleka kusafishwa damu, nanyi wenzake wa maabara mliopita jana kwenye kile chumba cha giza kuangalia taa yake kabla ya kuja msibani, asanteni sana.

Dada, taa imezimwa, wameangalia mara mbili. Pumzika kwa amani.