Mzungu Aliufunga, Gicheru Akaufungua

Benchi letu liko nyuma ya soko la Karatina, kando ya jiko la Wakiuru, mama wa kahawa. Huku kwetu kahawa tunalima, lakini kuinywa ni yeye alitufunza. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na Gicheru, mchoraji wa mabango ya maduka, akafika na picha ameifunika na gunia. Tangu azike bibi yake Watiri mwaka jana, mzee huyu amekuwa akijifunza kuchora kwa kunakili picha moja tu, iliyochorwa na Mzungu wa zamani, aliyoikuta kwa kalenda: chumba, taa, meza, mama anashona. Anaipiga miraba kama bango la bucha, kisha anajaza mraba kwa mraba. Aliiegemeza ukutani, kalenda kando yake.

— Niambieni ukweli. Nimeipata ama sijaipata?

Ngai! Swali kama hilo huliulizi benchi letu kama una haraka.

— Hujaipata, akasema Kihara, tunayemwita Jaji kwa sababu alikuwa karani wa korti. Kwa kalenda mlango imefungwa. Wewe umeiacha wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe umeacha mlango mzima!

— Na hizo vitambaa kwa viti? akauliza Ogutu, polisi mstaafu, Afande wetu. Wazungu hawafunikangi viti. Huo ni ushahidi umechezewa.

— Labda huko kulikuwa na vumbi, Afande, nikasema mimi.

— Vumbi gani, Ulaya? akasema Afande. Mimi nasema kuna mwizi ametoka na hiyo mlango. Na huyu mama anamjua. Ona, hata hana uso. Anajificha!

— Ati! Jaji akadakia. Basi anashona gunia ya kubebea mali!

— Na huyo Mzungu alikuwa amesimama wapi akichora? Ndani ya kabati! Mwizi ni yeye!

Tulicheka mpaka Wakiuru akamwaga kahawa kwa makaa. Gicheru hakucheka. Aliendelea kutungoja.

— Funga hiyo mlango, Jaji akakata kesi. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini si na hii baridi.

Hapo ndipo alipokuja kununua kahawa Adhis, mwalimu aliyehamishwa huku juzi kutoka Homa Bay. Akainama akaitazama picha.

— Mzee, hii ni nyumba ya nani?

— Ni yangu, Gicheru akasema. Hizo vitambaa alifuma Watiri wangu. Mzungu alinionyesha tu mahali mwanga inapitia. Uso imenishinda, kila nikijaribu inakuwa ya mtu mwingine. Lakini chumba nilitaka mtu aione aseme, hapa ni kwa Gicheru.

— Pole sana, mzee.

Kisha akatugeukia sisi, kwa upole tu.

— Na inafanana?

Mimi nikainua kikombe changu nijifiche, kumbe kilikuwa kitupu. Watiri tulimzika sote, tukala wali wa matanga chini ya tenti, tukarudi kwa benchi. Ndani ya nyumba yake hakuna mmoja wetu aliyewahi kuingia, si siku hiyo, si baadaye. Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

— Kahawa imeisha, Wakiuru akasema, ingawa hakuna aliyemwomba.

Gicheru akaifunika picha na gunia, polepole, rangi isiguswe.

— Basi mlango wacha ikae vile, wazi.