Dakika Kumi na Moja za Leonard Przybyla Angani

Ndugu waombolezaji, mimi Bruno Sadowski, shemeji wa marehemu, niliyaona haya yote kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwake, maana tulikuwa majirani, ingawa nilikuwa na miaka mitatu na walinifungia jikoni.

Leonard alizaliwa tarehe 9 Machi 1924, hapa Hamtramck, Michigan, akasoma shule ya parokia hadi 1938, kisha masomo ya redio ya jioni mjini Detroit, akaajiriwa na kampuni ya simu mwaka 1946, na mwaka 1957 akawa miongoni mwa mafundi waliofunga simu za kwanza za abiria katika ndege za Chicago, simu za kubonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza, laini ikiwa moja tu, akisema mmoja wengine wanangoja, na ni yeye aliyewafundisha wahudumu kuwachochea abiria wapige nyumbani hata kama hawana la kusema, ili huduma ipendwe.

Alimwoa dada yangu Irena tarehe 14 Juni 1952, wakajaliwa Daniela, 1954, na Stefania, aliyezaliwa hospitalini Detroit tarehe 22 Novemba 1958, Leonard akiwa angani anarudi kutoka Chicago, rubani akamletea ujumbe uliofika kwa redio ya ndege kwamba Irena anavuja damu na madaktari wamekata tamaa, akaikimbilia simu, akamkuta abiria mmoja, mwuza soksi, anamwambia mkewe, "Kisia niko wapi, mama. Wapi, hukisii kitu. Niko mawinguni, nakula kuku." Leonard akamsihi, akajibiwa, "Foleni, kijana, hata huku juu ipo," zikapita dakika kumi na moja, ndipo akapata laini, akasema, "Irena, nakuja," nami niliyemwekea dada simu sikioni nikamwona akitabasamu, kisha akakata roho.

Hakuoa tena wala hakupanda tena ndege, na kila Jumapili kwa miaka ishirini aliniuliza, "Kweli alitabasamu, Bruno?"

Mei 1978 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akafariki tarehe 3 Februari 1979, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia supu, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Nami naungama mbele yenu, lile tabasamu nililitunga, maana simu ilipoita dada alikuwa amekwisha kukata roho na kupoa mikononi mwangu.

Pumzika, shemeji, sasa muulize mwenyewe.