Pointi Saba za Naomi

MATHAYO: Haloo? Ni nani? Sema kwa nguvu, nimepanda juu ya kichuguu!

HILDEGARDA: Shikamoo, baba Naomi! Mwalimu Hildegarda hapa, wa taaluma, shuleni kwa Naomi!

MATHAYO: Marahaba, mwalimu! Habari za huko? Watoto hawajambo?

HILDEGARDA: Hawajambo, mzee. Nilikuwa nauliza—

MATHAYO: Mvua?

HILDEGARDA: Imenyesha kidogo. Sasa, baba Naomi—

MATHAYO: Na mama yako kule Berega? Mguu umepoa?

HILDEGARDA: Umepoa, mzee, anatembea, anasalimia! Naomi yuko wapi?

MATHAYO: Yupo na ndama.

HILDEGARDA: Na ndama! Mtihani wa taifa unaanza Jumatatu! Wiki nzima sijamtia machoni!

MATHAYO: Mwalimu, kwanza nikuulize. Hicho kidato chenu cha nne, walipoanza fomu wani walikuwa wangapi?

HILDEGARDA: Mzee, hayo ya— sabini na kitu.

MATHAYO: Na leo?

HILDEGARDA: Arobaini... hawafiki.

MATHAYO: Wengine wamekufa?

HILDEGARDA: Hawajafa, jamani! Wengine wako Ruaha kwenye miwa. Wengine Mikumi, wanawauzia chai madereva wa malori. Wengine wazazi wamehama na mifugo, wamehama nao.

MATHAYO: Majike je?

HILDEGARDA: Wasichana, mzee!

MATHAYO: Haya, wasichana.

HILDEGARDA: Kumi na mmoja. Na huyo wako ukimficha, kumi.

MATHAYO: Mimi mchungaji akinirudishia nusu ya kundi, simpi tena hata mbuzi.

HILDEGARDA: Na wewe si ndiye unayeniondolea mmoja!

MATHAYO: Mimi namstiri. Kesho shangazi yake anakuja kumchukua.

HILDEGARDA: Ampeleke wapi?

MATHAYO: Kutembea.

HILDEGARDA: Atarudi lini?

MATHAYO: Huku upepo mwingi, mwalimu.

HILDEGARDA: Baba Naomi. Unamstiri na nini?

MATHAYO: Aibu! Kile kikao cha wazazi, mkuu wa shule si alisoma matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, mbele za watu? Nickson wa jirani yangu Cosmas, thelathini na tatu. Mwingine, ishirini na nane. Wangu mimi, saba! Saba, mwalimu! Halafu ukumbi mzima wakanipigia makofi ya kunipa pole.

HILDEGARDA: Mzee, subiri— ya kukupa pole?

MATHAYO: Nilijifunika shuka, nikaondoka.

HILDEGARDA: Kwa hiyo ulidhani saba ni—

MATHAYO: Sijasoma, lakini kuhesabu najua. Nina ng'ombe.

HILDEGARDA: Hizi si ng'ombe! Hizi pointi zikiwa chache ndiyo mtoto kafaulu! Saba ni divisheni wani! Huyo Nickson kaponea chupuchupu, angeongeza moja tu angekula sifuri!

MATHAYO: Unakatika, mwalimu.

HILDEGARDA: Sikatiki! Naomi ndiye wa kwanza shule nzima! Shule yetu ya kata, maabara yenyewe haina hata bomba, tangu ijengwe haijawahi kuona saba!

MATHAYO: [upepo] Cosmas nilimpelekea mbuzi.

HILDEGARDA: Mbuzi wa nini?

MATHAYO: Wa pongezi. Beberu, mwenye madoa.

HILDEGARDA: Akampokea?

MATHAYO: Akachinja. Na mimi nikala.

HILDEGARDA: Na hakusema kitu?

MATHAYO: Alisema mtoto kajitahidi.

HILDEGARDA: [anacheka] Jamani— nisamehe, mzee, mbavu zangu—

MATHAYO: Cheka tu. Naomi aliniambia, mwalimu. Alisema, baba, ndogo ndiyo nzuri. Nikamwambia aache kujitetea. Hakurudia tena. Mwalimu, roho inaniuma.

HILDEGARDA: Mlete, mzee. Kitanda chake hosteli kipo. Na shangazi je?

MATHAYO: Shangazi atakuta chai. Atakunywa, atarudi kwao.

HILDEGARDA: Peke yake?

MATHAYO: Peke yake! Hivi, kuna anayeweza kupata sita?

HILDEGARDA: Hakuna. Saba ndiyo mwisho.

MATHAYO: Hata mtoto wa mkuu wa wilaya?

HILDEGARDA: Hata yeye.

MATHAYO: Rudia, simu inakwaruza.

HILDEGARDA: Saba ndiyo mwisho!

MATHAYO: Nguvu kidogo.

HILDEGARDA: SABA NDIYO MWISHO! HAKUNA WA KUMPITA NAOMI!

MATHAYO: Nilisikia tangu mwanzo. Nimeweka spika. Cosmas yupo hapa chini, alifuata maziwa.

HILDEGARDA: Mungu wangu! Anasemaje?

MATHAYO: Anaaga. Cosmas! Cosmas! Maziwa umeyaacha!

HILDEGARDA: Na Naomi?

MATHAYO: Huyu hapa, kashika kamba ya ndama. Kasikia yote. Analia, mwalimu. Nifanyeje?

HILDEGARDA: Mwambie ulichotakiwa kumwambia siku ile.

MATHAYO: Mbele za watu?

HILDEGARDA: Matokeo yalisomwa wapi?

MATHAYO: [anakohoa] Naomi. Njoo huku juu, mwanangu. Shika mkono, panda. Mimi baba yako nili—

HILDEGARDA: Haloo? Haloo? Mzee Mathayo! [simu imekatika] Yaani we vocha, umeona hapo ndipo pa kuishia!