Miaka Thelathini na Mmoja na Swali Moja: Mbwa Analala Wapi?

Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa, saa kumi kamili jioni, mhudumu mkuu wa chumba cha kuchania mbwa katika kliniki yetu ya wanyama atavua aproni yake ya plastiki na kuitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa kazini. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Sisi tungeridhika na "zaidi ya miaka thelathini", lakini yeye hajawahi kuridhika na "zaidi ya" katika jambo lolote, awe anahesabu siku au anahesabu kupe.

Wateja walimbatiza Bi Kitana, kwa sababu ya kitana cha chuma chenye meno ya karibukaribu ambacho hakitoki mfukoni mwake. Jina likamganda. Hata mhasibu wetu, mtu wa kufuata taratibu kuliko saa ya ukutani, aliwahi kulijaza kwenye fomu ya likizo, na likizo ikapita.

Alikuja kwetu kufagia kwa miezi mitatu tu. Wiki ya pili akamfuata daktari wa wakati huo na kumwambia kwamba katika mbwa sita walioingia asubuhi, wawili walikuwa na viroboto, maana alikuwa ameyaona mavi ya viroboto kwenye takataka alizofagia. Daktari alikuwa amemgundua mmoja. Kesho yake stoo ya ndoo ikamwagwa nje, ikaingizwa meza ya vigae vyeupe, beseni na taa, naye akakabidhiwa kitana. Ufagio alipewa mwingine.

Namna yake ya kufanya kazi wengi mnaijua, lakini wageni hawaijui. Humchana mbwa kuanzia shina la mkia kwenda mgongoni, kisha hukung'uta kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikianguka na kubaki nyeusi, ni vumbi la mjini. Zikianza kusambaza rangi nyekundu, ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa kiroboto. Bi Kitana hasemi neno. Humsogezea mwenye mbwa karatasi na kumwacha aangalie. Nimeona watu wazima waliokuja wakiapa kwamba mbwa wao hana hata kiroboto mmoja wakiitazama ile karatasi inavyokuwa nyekundu na kuanza kujikuna wao wenyewe.

Na kuna yule wakili. Alitujia mbio, tai imegeukia begani, amembeba mbwa wake dume kwenye taulo, akisema kuna kupe tumboni, yeye amemvuta siku mbili lakini hatoki. Bi Kitana alifunua taulo, akainama, akatazama. Kisha akamweleza kwa upole kwamba hilo ni titi, na mbwa anayo mengine tisa. Wakili akabisha, mbwa ni dume! Bi Kitana akamjibu, "Hata wewe unayo, wakili, na hakuna anayekuvuta." Mbwa yule alipakwa mafuta ya kupoza, akatoka kwetu akiwa ameshinda kesi.

Aliposikia kwamba mimi, mtoa dawa wa kliniki, ndiye ninayeandika wasifu huu, Bi Kitana alinipa sharti moja: kosa lake liwemo, tena nisilifiche mwishoni kwa maandishi madogo. Basi hili hapa.

Mwaka wake wa kumi na moja kazini alikuwapo mteja mmoja, fundi wa mapazia, aliyepanga chumba kimoja ghorofa ya tatu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na aliyebaki wa kumlaki mlangoni alikuwa mbwa mmoja tu, mweupe mwenye baka jeusi kichwani, aliyeitwa Kofia. Katika miezi mitatu fundi alimleta Kofia mara nne. Kila mara alitolewa kupe, akapewa dawa ya kuogeshewa nyumbani, akaondoka safi, na kila mara alirudi amejaa upya. Mara ya nne, siku ya Ijumaa, Bi Kitana alimtoa kupe thelathini na wanane, wengine ndani ya masikio, wengine katikati ya vidole. Fizi za mbwa zilikuwa zimepauka kwa kunyonywa damu.

Siku hiyo fundi aliomba kitu kimoja zaidi. Kupe walikuwa wameonekana wakipanda ukuta wa ngazi, na mama mwenye nyumba alikuwa ametoa kauli: mwisho wa mwezi mbwa atoke, la sivyo watoke wote wawili. Fundi alitaka barua ya kliniki kwamba mbwa anatibiwa. "Niandikie tu, dada," alisema, "labda atanionea huruma."

Bi Kitana alikataa, na hakumung'unya maneno. "Dawa tunakupa, wewe huipaki. Unamwonea huyu mnyama." Benchi lilikuwa na watu saba, na wote saba walisikia. Kisha akaandika kwenye kadi ya Kofia: Mwenye mbwa hafuati maelekezo. Fundi alikunja futi yake ya kitambaa, akaitia mfukoni, akambeba mbwa wake na kutoka. Mimi nilikuwa dirishani kwangu pa kutolea dawa, nami niliamini vilevile.

Kesho yake jioni Bi Kitana alikuwa akifua aproni nyumbani kwake. Ikamjia puani harufu kali ya dawa ya kuogeshea mbwa. Siku ile ya Ijumaa hakuwa ameogesha mbwa yeyote, alichana tu. Dawa ile ilitoka kwenye manyoya ya Kofia, mbwa pekee wa siku ile aliyekuwa amepewa dawa hiyo, na maana yake fundi alikuwa akiipaka. Roho ikaanza kumsuta. Jumapili asubuhi alinigongea mlango, amebeba tochi, akaniambia nivae viatu.

Fundi alitufungulia bila kutukaribisha na bila kutufukuza. Ukutani, karibu na cherehani, alikuwa ameandika kwa chaki ya kushonea tarehe zote tulizompangia za kumwogesha mbwa, na kila moja ilikuwa imekatwa mstari. Hakuna iliyorukwa. Bi Kitana alizisoma zote, kisha akakaa kwenye kigoda. Kofia hakuwamo chumbani. Jana yake fundi alikuwa amempeleka kwa mlinzi wa ghala la mbao upande wa pili wa mji. Angefanya nini? Hakuwa na barua, na chumba alikihitaji.

Hapo ndipo Bi Kitana alipouliza, kwa mara ya kwanza, swali ambalo leo kila mteja wetu analijua. "Kofia alikuwa analala wapi?"

Fundi alionyesha pembe ya nyuma ya cherehani, kwenye rundo la vipande vya kitambaa. Bi Kitana akapiga magoti, akamulika tochi, akatoa pini nywelani na kuichomeka kwenye ufa uliopita kati ya ukuta na sakafu. Alipoivuta, walitoka nayo kupe wadogo kama mbegu za ufuta, na nyuma yao mayai, rundo kwa rundo. Akafuata ufa ule hadi kwenye fremu ya mlango, na huko pia walikuwamo. Kupe wa mjini hakai kwa mbwa siku zote. Hushiba, hudondoka, hutafuta ufa, hutaga humo, na wanawe humngojea mbwa arudi. Tulikuwa tumemsafisha Kofia mara nne na kumrudisha mara nne kwenye kitanda kilekile.

"Kaka," alisema Bi Kitana, bado amepiga magoti, "nimekukosea, tena mbele za watu. Na mbele za watu nitasema."

Tulikwenda ghalani watatu. Mlinzi alikuwa ameshampenda Kofia kwa usiku mmoja tu na hakutaka kumwachia. Alilegea kwa sharti kwamba Bi Kitana awachane mbwa wake wawili papo hapo, naye akawachana juu ya rundo la mbao, kwa nguo zake za Jumapili. Kofia alilala kwetu kliniki. Jumatatu fundi alipokuja kumwona, Bi Kitana alisimama mbele ya benchi, akaisoma ile kadi kwa sauti, kisha akaandika chini ya maneno yake ya kwanza: Kosa langu. Sikuuliza analala wapi.

Mama mwenye nyumba naye aliandikiwa barua, lakini haikusema kwamba mbwa ni safi. Ilisema kwamba anayehitaji matibabu ni nyumba. Mama alikuja juu, na haki yake, mpaka Bi Kitana alipomchukua kwa mkono na kumwonyesha kilichotoka na pini. Akatoa muda wa miezi mitatu. Tuliziba nyufa kwa plasta Jumamosi mbili mfululizo, tukapuliza dawa ukutani na kurudia kila mayai yalipoanguliwa, na vitambaa vyote vikapita kwenye maji ya moto. Mimi nilipewa ngazi, na hadi leo nina deni la mgongo. Wiki ya kumi na tatu Kofia alikaguliwa kidole kwa kidole na hakuonekana kupe hata mmoja. Aliishi na fundi miaka tisa mingine, akafa kwa uzee, mlangoni mwa chumba kilekile.

Ile kadi imetundikwa juu ya meza ya kuchania hadi leo. Na kwenye kadi zote zilizochapwa baada ya hapo, katika matawi yetu yote matatu, mstari wa kwanza chini ya jina la mbwa ni huu: Analala wapi? Bi Kitana aliupigania mstari huo vikao vinne. Wakubwa walitaka uwepo mstari wa anwani ya posta.

Tatizo ni kwamba watu hudanganya. Sijui kwa nini. Mtu atakiri mbele ya benchi zima kwamba hajamwogesha mbwa tangu mvua zilizopita, lakini hakiri kwamba analala naye. Afisa mmoja mstaafu wa jeshi alisimama wima akatamka, "Kwenye banda, nyuma ya nyumba," mikono yote miwili ikiwa na vipele vya viroboto hadi kwenye viwiko. Mume na mke waliooana karibuni walijibu kwa pamoja, mume akisema nje na mke akisema kwenye kochi, kisha wakatazamana. Bi Kitana akawaambia, "Basi tuanze kwa kulitibu kochi." Hakumdharau yeyote. Aliyewahi kukosea kwa kumhukumu mtu kabla ya kumuuliza hana tena haraka hiyo. Wasaidizi kumi na mmoja aliowafundisha wameondoka na adabu hiyo pamoja na kitana.

Sasa nimalizie kwa jambo lililotokea Jumanne hii, nikiwa nimeshafunga wasifu huu tayari kwenda kuchapwa.

Zawadi yetu ya kumuaga, blanketi la sufu la buluu, ilikuwa itolewe Ijumaa kwenye hafla, lakini mhasibu hawezi kutunza siri, kwa hiyo tulimpa wiki iliyopita. Jumanne ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaingia kwa mlango wa mbele, amevaa nguo za kutokea, akachukua namba na kukaa kwenye benchi kama mteja. Kando yake alikaa fundi wa mapazia, mzee sasa, na mkongojo wake. Katikati yao alikaa mbwa jike mkongwe ambaye fundi alimlea baada ya Kofia.

Fundi anahamia kwa binti yake, na mjukuu wake ana pumu, hawezi kukaa na mbwa. Watu watatu walijitolea kumchukua yule mbwa, fundi akawakataa wote. Akamwendea mwanamke aliyemwaibisha mbele ya watu saba. Mbwa ameshakaa kwa Bi Kitana siku nne.

Msaidizi wa zamu hakuthubutu kumhudumia bosi wake, kwa hiyo kitana nilikishika mimi. Nikamchana mbwa kuanzia shina la mkia, nikakung'uta juu ya karatasi yenye maji. Hakuna chembe hata moja. Nikachukua kadi mpya na kuuliza swali la mstari wa kwanza.

Bi Kitana aliitazama mizani. Akaitazama dari. "Barazani," alisema. "Nimemtandikia gunia."

Sikubishana naye. Nilimsogezea karatasi tu, kama alivyonifundisha. Juu ya weupe wake zilikuwa zimelala nyuzi tano, ndefu, za sufu, za buluu.

Fundi alicheka mpaka akaegemea mkongojo kwa mikono miwili. Mimi nikaandika: Kitandani. Bi Kitana akanivuta mkono. "Andika vizuri," alisema. "Miguuni. Si kwenye mto."

Nimeandika hivyo, Bi Kitana. Asante kwa mbwa wote, kwa nyufa zote ulizotupigisha magoti kuzitazama, na kwa kadi ile ambayo ungeweza kuichana na hukuichana. Tunakutakia siku ndefu za kupumzika na usiku wa kulala bila kujikuna, wewe na huyo aliye miguuni pako.