Mto wa Kwenye Benchi

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mwione korido ya ofisi yangu jinsi ilivyokuwa zamani: benchi la mbao ukutani, mlango wangu umerudishwa, na mwanamke ameketi, utepe wa kupimia shingoni, bahasha mapajani, akisikiliza kama nipo. Nipo. Nimeshika karatasi nisiyoisoma na nimebana pumzi, nangoja achoke aende zake.

Huyo ndiye mshonaji mnayemwita Mdomo. Nimewaacha mumchukie miaka kumi na saba, na sitaki kuondoka na jambo hilo. Mwanangu wakili, weka kalamu chini, utasikia vizuri zaidi. Na wewe, fundi umeme wangu, sogea karibu na dada yako, maana sauti yangu leo haifiki mbali. Nyumba ni yenu wote wawili, hati iko kabatini, hamna cha kugombania. Ofisi ni ya dada yako, na ndiyo inayonitia hofu.

Mama yule alikuwa na chumba cha kushonea alichoachiwa na mumewe. Shemeji yake akamshtaki akikidai, akashinda. Nikamwambia asilie, tutakata rufaa, tuna siku thelathini. Hukumu ilitoka Desemba, na siku ya mwisho ikaangukia Januari, na mimi shajara ya mwaka mpya nilikuwa sijanunua. Basi nikaiandika tarehe kwenye jalada la nyuma la shajara ya zamani, nikijiambia nitaihamisha. Mwaka ukageuka, shajara ya zamani ikaingia kabatini na tarehe yake. Nilikuja kuiona mwezi wa tatu, nikitafuta kitu kingine.

Sikilizeni vizuri hapa. Siku ile ile ningemwita, nikamwambia nimekosea, tukaenda mahakamani kuomba tuongezewe muda. Huenda wangekubali. Lakini niliona aibu, nikamwambia, "Njoo wiki ijayo, mama, faili bado liko kwa hakimu." Wiki ile ikazaa nyingine, hadi miezi kumi na minne. Alikuja mara nyingi hata akalishonea benchi mto, wa viraka vya kahawia na bluu. "Wakili," aliniambia, "mimi sasa ndiye mwenyeji hapa, mgeni ni wewe." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mto huo ndio mliokuwa mkiulalia mkitoka shule.

Siku watu wa shemeji walipoitoa cherehani yake nje ndipo alipokwenda mwenyewe masjala ya mahakama, na karani akamwambia hakuna rufaa iliyowahi kufika. Akaandika barua kwa kamati ya nidhamu ya mawakili. Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu: "Ulijua lini?" Wakamuuliza mama anataka nini. Akasema, "Sikuja kumkomoa. Angeniambia mapema ningejua pa kwenda. Alinikalisha tu."

Leseni yangu ilisimamishwa miaka miwili. Nyinyi niliwaambia kifua kinanisumbua, na kwamba kuna mwanamke amenizushia, nanyi mkampa jina la Mdomo. Ile miaka mliyofurahi kwamba baba anashinda jikoni akiwafundisha hesabu, ndiyo hiyo. Chumba hakikurudi.

Nipe maji, mwanangu. Kidogo tu. Ahsante.

Jana, mwanangu wakili, nilikuwa nimelala hapa, mlango wazi, nikakusikia ukizungumza kwenye simu na mteja wako, yule mzee fundi viatu. "Njoo wiki ijayo, mzee, faili bado liko kwa hakimu." Neno kwa neno. Usilie, sikugombezi, maneno hayo umeyaokota kwangu. Sijui umekosea wapi, wala usiniambie mimi. Mwambie yeye, na umwambie leo, kabla hujanirudia hapa. Mkalishe ndani, si nje, ufungue faili mbele yake umwonyeshe palipoharibika, na kama muda bado unaombeka, kauombeni pamoja. Akitaka kukushtaki kwa kamati, mpe anwani.

Na wewe, mwanangu, ukautoe mto ule kwenye benchi, umpelekee mama mshonaji na kaka... hapana, wewe ndiye kaka. Nachanganya. Mpelekee wewe. Yuko nyuma ya kituo cha basi, ana cherehani ya mkono. Mwambie baba amesema kosa lilikuwa lake. Asipokupokea, usikasirike. Uweke chini, urudi.

Nawaombea mkono wenu uwe mwepesi kwenye kazi na mzito kwenye uongo, na mkae mkipendana. Nimechoka sasa. Nishikeni tu.

Benchi libaki tupu, mwanangu wakili. Gumu. Na mengine ukiyasahau si kitu, lakini hili moja nisaidie kulikumbuka... mteja akishazoea benchi lako, ujue kuna jambo hujamwambia.