Nyumba Mbili za Shabani

Kijiwe chetu cha Shangani hakina mwenyekiti, ndiyo maana kila mtu anaongea. Mwaka ule bandari mpya ilipoanza kupokea meli, sisi tulikuwa na jambo moja tu: kodi ya nyumba ya Shabani. Mwenzetu ana nyumba moja ya udongo na makuti, lakini karatasi ya karani ilimdai kodi ya mbili. Asipolipa kufikia Ijumaa, cherehani ya mkewe Somoe ingeuzwa. Asubuhi hiyo alikwenda ofisini kulalamika, nasi tukabaki na Omari muuza kahawa, tukimtetea kwa mdomo.

— Wamehesabu choo, alisema Omari.

— Choo chake hakina paa, nikamwambia.

Iddi tunamwita Winchi, kwa kuwa yuko bandarini na anapenda kunyanyua mambo. Yeye alisema karani alipita jioni, vivuli vimerefuka, akahesabu na kivuli.

— Kwa hiyo mvua ikinyesha kodi inashuka? akauliza Omari.

— Inashuka. Umewahi kumwona karani masika?

Omari hakukubali kushindwa. Akasema karani alihesabu akiwa melini, meli inayumba, akaiona nyumba mara mbili.

Ndipo Shabani akatokea, kanzu imelowa jasho, karatasi mkononi.

— Imefutwa. Nalipa moja.

Tulimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Omari akammiminia kahawa bure, jambo ambalo sijaliona tena. Mimi nilifurahi kama kodi ni yangu, maana karatasi za serikali tumezizoea kupanda tu.

— Umewezaje?

— Karani ni mtu wa bara. Siku ile aliniuliza nina nyumba ngapi, nikamjibu mbili. Kumbe mwenzangu anauliza kuta. Leo nimemweleza kwamba sisi huku tukisema nyumba, tunasema mke. Kacheka, kapiga mstari.

Winchi akampa cheo cha wakili palepale, na sote tukaafiki.

Somoe alikuwa amesimama nyuma yetu, sindano bado imechomekwa kifuani. Aliichukua karatasi, akaikunja vizuri, akaifunga kwenye pindo la kanga.

— Ahsante, baba Mwajuma. Cherehani yangu imepona. Na hiyo nyumba ya pili inaitwa nani?

Winchi, mwenye jibu la kila kitu, aliinama akawa anatazama viatu vyake, na siku hiyo hakuvaa viatu.